Michezo ya Video Isihukumiwe na Wasioicheza

Muhula uliopita niliketi katika kikao cha kamati ya nidhamu ya shule ya upili ninakofundisha Kiswahili, tukimsikiliza kijana mmoja aliyepatikana katika kibanda cha gemu kando ya soko saa nne asubuhi, siku ya masomo. Alikuwa ametumia shilingi 350 alizopewa na mamake anunue kitabu cha marudio. Kosa lilikuwa wazi wala hakulikana. Hata hivyo, mazungumzo yetu hayakukaa sana juu ya utoro wala juu ya jasho la mama yule. Muda si muda yaligeuka yakawa mashtaka dhidi ya michezo ya video yenyewe: kwamba inaua akili, kwamba inafunza ukatili, kwamba ni starehe ya watu wasio na kazi.

Mimi niliuliza swali moja tu. Alikuwa akicheza mchezo gani? Wenzangu walicheka, wakidhani nafanya mzaha. Kijana akajibu kwa sauti ya chini, "Ule wa kupanda mlima, mwalimu." Nilitambua papo hapo mchezo anaouzungumzia, kwa sababu nimeucheza hadi mwisho. Lakini sikusema neno. Nilitia sahihi barua ya kumrudisha nyumbani kwa wiki 2, nikashika chaki zangu nikaenda darasani. Tangu siku hiyo ukimya ule umenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na leo nimekusudia kuutoa hapa hadharani.

Naungama, basi, msomaji mpenzi, kwamba mimi ni mchezaji. Nimeicheza michezo hii kwa zaidi ya miaka 30, nikijificha utotoni kwa kuogopa kiboko na nikijificha ukubwani kwa kuogopa kicheko. Katika muda huo nimejijengea maoni yangu kuhusu ipi ni mizuri, ipi ni mibaya, na ni kwa nini. Mtu aliyesoma riwaya nyingi hutarajiwa kuwa na maoni kama hayo, na hakuna amwonaye mpotovu. Asemaye kwamba "vitabu huharibu vijana" bila kutaja kitabu chochote tutamwona mjinga. Sioni kwa nini yeye asemaye vivyo hivyo kuhusu michezo ya video apewe kiti cha mbele.

Nitazungumzia jamii mbili tu za michezo hii, nazo ni ile ya kurukaruka, ambapo mhusika huvuka mashimo na kupanda majukwaa, na ile ya mapambano. Ndizo nizijuazo. Michezo ya kandanda, ambayo ndiyo hujaza vibanda vyetu, nawaachia wenye kuipenda. Mimi kandanda huitazama uwanjani.

Katika mtaa tulikokulia, familia moja ilikuwa na mashine iliyoigwa kutokana na Famicom, mashine ya kampuni ya Nintendo ya Japani iliyotoka mwaka 1983. Ilichomekwa kaseti ya manjano iliyojigamba kwamba ina michezo 9999. Tulipohesabu tulikuta kama kumi hivi, iliyobaki ni ileile imebadilishwa majina. Ulaghai huo ulitufaa, maana tuliicheza ile kumi mpaka tukaijua kama tujuavyo njia ya kwenda kisimani. Wa kwanza ulikuwa Super Mario Bros., uliotolewa mwaka 1985 na kubuniwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka.

Naomba walimu wenzangu wanivumilie hapa, kwa sababu nina hakika kwamba hatua ya kwanza ya mchezo huo ni mojawapo ya masomo yaliyoandaliwa vizuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, nami nimeona maandalio mengi ya somo. Mario, yule fundi wa mabomba mwenye masharubu, anasimama upande wa kushoto wa kioo, na mbele yake upande wa kulia ni uwanja mtupu. Hakuna maelezo, hakuna mshale. Mtoto asiyejua kusoma anaelewa kwamba njia ni kwenda kulia. Hajaenda mbali anakuta kijidubwana cha kahawia kikimjia polepole. Akisimama tu atagongwa afe, lakini hasara ni ndogo, maana ndiyo kwanza aanze. Akiruka atakipita; akianguka juu yake atakiponda. Kwa nukta chache amefunzwa mambo mawili, kwamba kuna hatari na kwamba kuruka ni kinga na silaha pia.

Kisha ana masanduku yenye alama ya kuuliza yanayometameta juu yake. Akiligonga mojawapo kwa kichwa, unatoka uyoga. Sasa fikiria: mtoto huyu ametoka kufundishwa kwamba kitu cha umbo kama hilo kinachosogea ni adui, kwa hiyo ataukimbia uyoga huo. Waandalizi walilijua hilo. Uyoga unateleza kwenda kulia, unagonga bomba, unarudi upande wake, naye juu yake yapo masanduku yanayomzuia kuruka vizuri. Apende asipende, mara nyingi utamgusa. Badala ya kufa anakua mkubwa! Miyamoto mwenyewe ameeleza katika mahojiano jinsi walivyoipanga sehemu hiyo kwa makusudi, ili mchezaji ajifunze mwenyewe bila kuambiwa.

Karibu na mwisho wa hatua hiyo pana jambo ninalolipenda kuliko yote. Kuna ngazi mbili zinazotazamana, moja ya kupanda na nyingine ya kushuka, na baina yake ni ardhi tupu. Ukiruka vibaya unaanguka, unapanda tena, unajaribu upya. Unapoendelea mbele kidogo unakuta ngazi nyingine mbili kama hizo, ila sasa katikati ni shimo. Zoezi kwanza, mtihani baadaye. Ni wangapi miongoni mwetu wanaowapa wanafunzi mtihani wa shimo kabla ya zoezi la ardhi?

Jambo la kustaajabisha ni kuwa mchezo huo wote, hatua 32, ulitoshea katika kilobaiti 40. Picha moja tu inayopigwa kwa simu za siku hizi huuzidi ukubwa huo mara nyingi. Uhaba huo uliwafunza mafundi wale kubana matumizi, hata mawingu ya angani na vichaka vya ardhini ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Niliucheza mchezo huo kwa miaka mingi bila kuling'amua jambo hilo, na nilipoambiwa nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sikusema kwamba hauna ila. Hatua zake za majumba ya mwisho, zile unazotakiwa kubahatisha njia ya juu au ya chini huku ukirudishwa ulikotoka, hazina ufundi wowote. Ni kuchosha tu. Nako kule kuambiwa mara 7 kwamba binti mfalme yuko katika ngome nyingine kulinikera nilipokuwa na miaka 10 na kunanikera hadi sasa.

Mchezo uliotukutanisha na kututenganisha mimi na kaka yangu ulikuwa Contra wa kampuni ya Konami, ulioanza mwaka 1987 katika mashine kubwa za kumbi za michezo kisha ukaletwa kwenye zile za nyumbani. Wanajeshi wawili wanakimbia msituni wakipiga risasi. Risasi moja ya adui ni kifo, na kila mmoja ana roho tatu tu. Walakini ipo siri. Kabla mchezo haujaanza, unabonyeza juu mara 2, chini mara 2, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha vile vitufe viwili vya B na A, nao unapewa roho 30. Mfuatano huo ulibuniwa na Kazuhisa Hashimoto alipokuwa akitengeneza mchezo mwingine, Gradius, mwaka 1986, kwa kuwa aliuona mgumu mno alipoujaribu. Bwana huyo alifariki mwaka 2020. Sisi tulioijua siri yake huko mitaani, tulioipokea kwa mdomo kutoka kwa binamu wa jirani kama ipokewavyo dawa ya mganga, hatukujua hata jina lake.

Wapo wanaosema kwamba kutumia siri hiyo ni wizi wa mtihani. Mimi sikubaliani nao. Kwa zile roho 30 tulipata nafasi ya kufa, na kwa kufa tulijua risasi zinatoka wapi. Baada ya likizo moja tuliumaliza mchezo kwa roho tatu tatu, bila siri. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kukosea katika daftari atakosea wapi?

Kuhusu kaka yangu na mimi, mgogoro ulikuwa hatua ya tatu, ile ya maporomoko ya maji. Katika hatua hiyo mnapanda kwenda juu, na kioo kinamfuata aliye mbele. Aliyebaki nyuma akipitwa na ukingo wa chini wa kioo, amekufa. Kaka yangu alikuwa na pupa. Aliruka jiwe hadi jiwe bila kutazama nyuma, nami nikafa mara nyingi kwa miguu yake kuliko kwa risasi za adui. Nilimpiga, akanipiga, mashine ikazimwa na mwenye nyumba. Kesho yake alikaa juu ya jiwe lake akaningoja. Hakuomba msamaha, wala sikumdai. Alingoja tu, kidole kikiwa mbali na kitufe, mpaka nikamfikia. Hadi leo tukikutana katika sherehe za jamaa suala la maporomoko halikosi kuzuka, naye hushikilia kwamba mimi ndiye niliyekuwa mzembe.

Je, Contra hufunza ukatili? Sitaficha kwamba ni mchezo wa kuua tangu mwanzo hadi mwisho, wala sitadai kwamba una maadili. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba sisi hatukuyaona yale kama mauaji. Tuliyaona kama mpangilio wa mwendo, jinsi mchezaji wa bao aonavyo kete zilizoliwa. Lakini ushahidi wangu una mpaka. Mwaka 1992 ulitoka Mortal Kombat, ambamo mshindi huweza kumng'oa mwenzake kichwa pamoja na uti wa mgongo, na huko Marekani zogo lake lilifika Baraza la Seneti mwaka 1993; mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya kupanga michezo kulingana na umri wa wachezaji. Binafsi siupendi mchezo huo, na si kwa sababu ya damu pekee. Wapiganaji wake hutembea kama waliomeza fimbo. Ukiulinganisha na Street Fighter II wa mwaka 1991, ambamo kila mpiganaji ana umbali wake, uzito wake na subira yake, utaona kwamba damu ile iliwekwa kufidia upungufu. Hapa nakubaliana na kamati yetu nusu ya njia. Mwenye kibanda kule sokoni hamwulizi mtoto umri wake, wala hamwulizi kwa nini amevaa sare saa nne asubuhi. Hilo ni kosa la mwenye kibanda, na ni kosa letu tusiowahi kwenda kumwambia.

Kisha kuna Sonic the Hedgehog wa kampuni ya Sega, uliotoka mwaka 1991. Najua nitawaudhi wengi, lakini nionavyo mimi mchezo huu ulisifiwa kupita kiasi. Ulitangazwa kuwa ni mchezo wa mbio, na kwa kweli hatua zake za kwanza, zile za vilima vya kijani kibichi, ni raha tupu: nungunungu wa buluu anateremka, anazunguka kitanzi, anapaa. Lakini ukikimbia jinsi ulivyoalikwa ukimbie, unajikuta juu ya miiba usiyoweza kuiona kabla ya kuifikia. Halafu hatua zinazofuata zinakusimamisha usukume mawe na kungoja moto mzito upungue, na baadaye zinakutumbukiza ndani ya maji utembee kama mtu aliyefungwa minyororo, ukitafuta mapovu ya hewa huku muziki wa kukuonya kwamba unazama ukikupandisha roho. Mwalimu akiwaambia wanafunzi "semeni kwa uhuru" kisha akamchapa wa kwanza kusema, tutamwitaje? Nakiri jambo moja zuri mno humo, nalo ni pete. Maadamu una pete hata moja, pigo halikuui. Pete hutawanyika nawe hupewa nukta chache za kuokota utakazoziwahi. Hasara inaonekana kwa macho na bado kuna nafasi ya kuipunguza. Huo ni ubunifu wa hali ya juu, na ulistahili mchezo bora kuliko ule.

Mbaya zaidi kwa dhuluma ni Ninja Gaiden wa mwaka 1988. Mwendo wake ni mwepesi kama wa paka na hadithi yake ilisimuliwa kwa picha kama sinema, jambo lililokuwa geni. Lakini ndege wake! Ukiwa hewani juu ya shimo, ndege anatokea ukingoni mwa kioo, anakugusa, unasukumwa nyuma, unatumbukia. Ukimwua na kurudi hatua moja, amefufuka. Na ukishindwa na mkuu wa maadui mwishoni, unarudishwa hadi mwanzo wa sura nzima ya sita. Kuna ugumu unaomtaka mchezaji awe bora, na kuna ugumu unaomtaka awe na kichwa kigumu tu. Wanafunzi wangu wanaijua tofauti hiyo vizuri, kwa kuwa wamefanya mitihani ya aina zote mbili.

Ule ulionigusa moyo ulikuwa Prince of Persia. Niliukuta katika kompyuta ya ofisini kwa mjomba, nilipokuwa nikimngoja Jumamosi amalize hesabu zake. Jordan Mechner, Mmarekani, aliutengeneza peke yake kwa miaka kadhaa na kuutoa mwaka 1989. Alimchukua ndugu yake mdogo, akamvika nguo nyeupe, akampiga picha za video akikimbia, akiruka, akining'inia. Kisha akazichora picha hizo moja baada ya nyingine ndani ya kompyuta. Ndiyo maana yule mwana mfalme hakuwa kama Mario. Alikuwa na mwili. Akikimbia hawezi kusimama ghafla, akiruka lazima ajitayarishe, akianguka kutoka juu sana havumilii. Nilipomwona kwa mara ya kwanza akishika ukingo wa jiwe kwa vidole na kujivuta juu, mabega yangu yaliuma.

Wapo wanaoulaumu mchezo huo kwa uzito wake, na kweli anayetoka kwa Mario atatumbukia mara kumi kabla hajaelewa kwamba kitufe hakitiiwi papo hapo. Lakini uzito huo ndio maana yake. Una dakika 60 tu za kumwokoa binti mfalme. Ukifa unarudia hatua uliyokuwamo, ila saa hairudi nyuma. Sijaona kazi nyingine ya sanaa iliyonifunza bei ya dakika kwa ukali kama huo.

Katikati ya safari hiyo unakuta kioo cha kujitazamia kimeziba njia. Hakuna pa kupita ila ukirukie kwa mbio. Ukifanya hivyo unapita, lakini upande wa pili kinatoka kivuli chako, kinakimbia, nawe unabaki na punje moja ya uhai. Kuanzia hapo kivuli hicho kinakuhujumu: kinainywa dawa yako, kinakufungia mlango. Mwishowe mnakutana panga mikononi. Kila ukimchoma, unajichoma mwenyewe. Nilikufa hapo Jumamosi nyingi. Ni siku moja tu, kwa kuchoka, ndipo nikabonyeza kitufe cha kuurudisha upanga alani. Kivuli nacho kikaurudisha wake. Tukatembea tukakaribiana, tukawa mtu mmoja. Mjomba alitoka chumba cha pili akanikuta nalengwalenga na machozi, akadhani nimevunja kompyuta.

Sina mengi ya kusema juu ya michezo iliyofuata ile ya picha zenye kina. Super Mario 64 wa mwaka 1996 ulifungua mlango na karibu kila mtu akaupitia. Tomb Raider wa mwaka huohuo, kazi ya Waingereza wa Derby, naupenda kwa sababu ni mtoto wa Prince of Persia: hatua za Lara Croft zimepimwa, kila mruko unahesabiwa kabla ya kurukwa. Kwetu Kenya, Wesley Kirinya alijaribu njia hiyo mwaka 2007 alipotoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa binti wa Kiafrika anayetafuta vitu vya kale. Tulikuwa tukilalamika kwamba michezo yote ni ya wageni. Alipotokea mwenzetu akatengeneza wa kwetu, ni wangapi tulioutafuta?

Sasa nirudi kwa kijana na mlima wake. Mchezo aliokuwa akiucheza unaitwa Celeste, nao ulitoka mwaka 2018, ukiongozwa na Maddy Thorson na Noel Berry. Binti aitwaye Madeline anapanda mlima, basi. Anaruka, anashika ukuta mpaka mikono inachoka, anajirusha mara moja hewani. Ni mgumu kuliko Ninja Gaiden, nami nilikufa zaidi ya mara 3000 kabla ya kufika kileleni. Najua kwa sababu mchezo wenyewe huhesabu. Hata hivyo hauna dhuluma hata chembe. Ukifa unarudi mwanzoni mwa chumba kilekile kabla hujameza mate. Na ndani yake mna huruma zilizofichwa: ukichelewa kidogo kuruka, ukawa tayari umeuacha ukingo, mchezo unakuhesabia kana kwamba bado mguu uko juu ya jiwe. Mchezaji hajui kwamba amesaidiwa. Anajua tu kwamba ameweza. Kila mwalimu aliyewahi kumwongezea nusu alama mtoto anayejitahidi ataelewa ninachosema. Kwa asiyeweza kabisa, upo uwezekano wa kuupunguza mwendo wa mchezo au kujiondolea kifo, bila kudhihakiwa wala kunyimwa mwisho wa hadithi. Baadhi ya wachezaji wakongwe walinung'unika. Ni haohao walioficha siri ya roho 30 wasiwape watoto wa mtaa wa pili.

Humo pia kuna kioo, na kutoka kwenye kioo hicho anatoka Madeline wa pili, mwenye hasira, anayemfukuza huku akimwambia kwamba hafai na hataweza. Binti huyo ana hofu zinazombana pumzi. Anajaribu kumtupa yule mwenzake wa kiooni, akaporomoka naye hadi chini ya mlima. Wanapopatana ndipo anapopata nguvu ya kujirusha mara mbili. Mimi sijui kilichokuwa kikimsumbua kijana wetu nyumbani kwake. Kamati haikumwuliza. Ilitosha kwetu kwamba alikuwa "akicheza".

Mwaka 2024 ulitoka mchezo mwingine ambao natamani wenzangu wote wa idara ya Kiswahili wauone. Unaitwa Tales of Kenzera: ZAU, na mwanzilishi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeubuni kutokana na huzuni ya kufiwa na babake. Kijana Zau anafunga mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe babake. Anavaa barakoa mbili, ya jua na ya mwezi, na kuruka baina ya majabali. Nitasema ukweli: mapigano yake hurudiarudia, maana kila mara unafungiwa uwanjani ukabiliane na kundi lilelile, na mchezaji mkongwe ataumaliza mapema. Lakini wahusika wake unaweza kuwasikia wakizungumza Kiswahili. Nilipoanza kuusikiliza niliweka kidhibiti chini. Baada ya miaka yote ile ya kubahatisha Kijapani na kusoma Kiingereza kibovu cha kaseti ya manjano, mtu wa ndani ya mchezo alinisemesha kwa lugha ninayoifundisha. Mwaka huohuo studio yake ililazimika kupunguza wafanyakazi. Wasomi wetu walikuwa katika makongamano wakijadili mustakabali wa Kiswahili.

Kijana amerudi shuleni. Nilimwita chini ya mwembe nyuma ya maktaba, nikamwambia kwamba shilingi 350 za mamake atazilipa, na mpango wa kuzilipa tumeuandika mimi na yeye. Kisha nikamwuliza amefika wapi mlimani. Alinitazama kwa muda mrefu, akipima kama huu ni mtego.

"Hotelini, mwalimu," akasema mwishowe. "Pale penye vumbi jekundu. Siwezi kupita."

Nilimweleza asishike ukuta mapema, aruke kwanza, ashike akiwa ameanza kushuka. Akatikisa kichwa polepole, vidole vyake vikisogea hewani pasipo kidhibiti. "Kumbe wewe pia?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, tangu kabla hajazaliwa, nami nilipaswa kulisema hilo katika kikao.

Katika mkutano ujao wa kamati nimeomba nafasi ya kuzungumza. Nitapendekeza twende kwa yule mwenye kibanda tukiwa watu watatu au wanne, tumwambie wazi kwamba asimpokee mtoto mwenye sare, na tukiwa huko kila mjumbe aketi acheze kwa saa moja. Mwenyekiti wetu hununua gazeti hili kila siku na kulisoma wakati wa chai. Naamini kufikia sasa chai yake imepoa.